Safari ya Limi Ng'oga Nchini Tungamo, na Kofia ya Herufi U

Jambo la kwanza lililompata Limi Ng'oga alipoingia nchi ya Tungamo lilikuwa kulowa chapachapa. Mvua haikuwapo siku hiyo. Alisimama penye lango la mpaka, akaandika jina lake kwenye karatasi kama alivyoelekezwa, karani akaitia karatasi ndani ya mtambo, na mtambo ukammwagia ndoo mbili za maji safi kutoka juu.

"Pole sana, mama," karani alisema, akimpa taulo lililokuwa limetundikwa hapo kwa kazi hiyo. "Jina lako lina amri ndani yake."

Akamweleza kwa upole, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Mitambo ya Tungamo ikikutana na kile kialama kidogo kinachoning'inia baada ya g, hudhani maneno yamekwisha. Kwa hiyo mtambo ulisoma kwamba mgeni anaitwa Ng, kisha ukakuta neno limebaki, oga, ukalitii.

"Wewe una nafuu," karani aliongeza. "Mwezi uliopita alipita bwana mmoja ambaye jina lake linaishia na ng'oa. Huyo ilibidi tumtafutie mke."

"Akapatikana?"

"Wanaishi vizuri tu. Sasa, mama, tuandike Ngoga, yaishe?"

"Ngoga ni mtu mwingine, simjui," Limi alisema. "Mimi ni Ng'oga. Andika hivyohivyo."

Akaoga mara ya pili, akaingia nchini.

Limi alikuwa mjane wa miaka hamsini na mbili, na kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amepanga herufi katika kiwanda kidogo cha uchapaji mjini Mwanza. Nukta ikikosekana kwenye ukurasa aliiona akiwa bado mlangoni. Watungamo walikuwa wamemwalika kwa sababu sheria yao inasema ugomvi wa herufi hauamuliwi ila mbele ya mgeni, na ugomvi wa herufi ndio uliokuwa umeikaba nchi yao koo.

Aliyempokea ni Mzee Shebughe, Mkisiaji Mkuu wa Serikali, mtu mwembamba mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali. Njiani kwenda mjini alimweleza mgeni wake mambo ya nchi.

Tungamo hakuna kitu kinachofanywa kwa mkono. Matanuri ya mikate, kengele za shule, visima, mizani, milango ya mabwawa, vyote vinaendeshwa na mitambo, na mitambo haifanyi lolote mpaka isomewe waraka wa amri. Mitambo yenyewe ilitengenezwa zamani na watu wa Uwandani, ambao wana herufi ishirini na sita, kavu, zisizo na pambo lolote. Watu wa Milimani waliponunua mitambo hiyo wakaanza kuandika nyaraka kwa herufi zao, zenye kofia, kama û. Watu wa Ziwani wakaja na zao, zenye nukta chini. Waraka wa amri ukitoka bonde moja kwenda jingine, hakuna awezaye kujua kwa hakika umeandikwa kwa herufi za nani.

"Ndipo tunapoingia sisi wakisiaji," Mzee Shebughe alisema. "Waraka unaletwa kwangu. Nauangalia. Naunusa kidogo. Kisha nagonga muhuri: huu wa Milimani, huu wa Ziwani."

"Na ukikosea?"

Mzee Shebughe alitazama nje. "Mkisiaji hakosei, mama. Waraka ndio unakuwa umeandikwa vibaya."

Kila mahali Limi alipopita aliona matunda ya ukisiaji. Mwokaji mmoja wa mtaa wa sokoni alikuwa na tanuri lililosoma waraka wa Ziwani kana kwamba ni wa Uwandani, na mikate ikatoka na vipini kama sufuria. Wateja waliipenda, na sasa mikate isiyo na vipini ilikuwa haiuziki. Kengele ya shule ya msingi ilikuwa imelia siku tatu mfululizo, watoto wakawa wanaingia na kutoka, wanaingia na kutoka, mpaka mwalimu mkuu akaketi chini akacheka machozi. Ajabu kuliko yote ilikuwa Mtaa wa Juu. Huko waliishi watu wa Milimani waliohamia mjini, na mtambo wa sensa, kila uliposhindwa kusoma jina lenye kofia, uliandika alama ya kuuliza. Baada ya miaka ishirini wataalamu walihesabu orodha, wakagundua kwamba ukoo mkubwa kuliko wote nchini ni ukoo wa Alama ya Kuuliza. Wakaupa kiti katika Baraza.

Limi alidhani anataniwa, mpaka asubuhi iliyofuata alipomwona mwakilishi wa ukoo huo kwa macho yake. Alikuwa kijana mtu mzima, mtulivu, aliyeandikwa ? tangu alipozaliwa. Wazazi wake walikufa akiwa mchanga, hivyo hapakuwa na wa kumwambia jina lake lilikuwa lipi. Wenzake walimwita Mheshimiwa Alama. Kwa heshima ya ukoo wake, hakusema Barazani ila kwa kuuliza.

Mwenyekiti wa Baraza alikuwa Mheshimiwa Kidawalo, mtu wa Uwandani, mnene wa sauti. Alimkaribisha Limi kwenye kiti cha mgeni, akatangaza kwamba kikao ni cha mia mbili na kumi na nne juu ya hoja ileile: nyaraka zote za amri ziandikwe kwa herufi zipi.

Msemaji wa Uwandani alianza. Herufi ishirini na sita zinatosha, alisema. Kila mtambo unazijua, kila mtoto anazijua, hazijawahi kumuua mtu. Mwenye kofia aivue.

Msemaji wa Milimani akajibu kwamba kofia si pambo. Neno lenye kofia na neno lisilo nayo ni maneno mawili, kama vile kaa la moto si kaa wa baharini. Kila bonde liandike litakavyo, mradi juu ya waraka kuna kibandiko kinachosema ni herufi za wapi.

"Je, si kweli," Mheshimiwa Alama aliuliza, "kwamba vibandiko vipo tayari, na kwamba watu wanavinakili tu kutoka waraka wa jana bila kuangalia?"

Ilikuwa kweli, na kwa sababu hiyo wote walijifanya hawakusikia.

Akasimama Waziri wa Alama ya Kimya. Wizara yake ilikuwa mpya, na alikuwa na hamu nayo. Alipendekeza kila waraka uanze na alama isiyoonekana, isiyosomeka wala kutamkika, ili kuujulisha mtambo kwamba waraka umeanza.

"Na mtambo usioijua alama hiyo?" Limi aliuliza.

"Hukohoa, mama mgeni."

Hapo Limi akaelewa kwa nini tangu afike alikuwa akisikia mitambo ikikohoa mji mzima.

Wa mwisho alikuwa bibi mmoja wa Ziwani, aliyesema litungwe daftari moja kubwa la herufi zote za mabonde yote, kila herufi ipewe namba yake, na mitambo yote isome daftari hilo. Mheshimiwa Kidawalo alimkatiza. Akalikumbusha Baraza kisa cha mwaka uliotangulia. Mjanja mmoja aliandika jina la Mwenyekiti kwa a ya Ziwani, ambayo kwa macho haina tofauti yoyote na a ya Uwandani, akatangaza mapumziko ya taifa ya siku nane. Herufi zote zikikusanywa mahali pamoja, wajanja watajificha humo.

"Yalikuwa mapumziko mazuri lakini," mtu mmoja wa nyuma alisema, na Baraza zima likaguna kwa kukubali.

Walikuwa bado katika kuguna mlango ulipofunguliwa akaingia mwanamke mwenye matope mpaka magotini. Alikuwa Nasûla, mlinzi wa bwawa la Kwezi huko Milimani. Orodha ya walinzi wa mabwawa ilimwita Nasla, na hakuwahi kuitikia jina hilo.

"Mvua imenyesha kwetu siku nne," alisema bila salamu. "Bwawa limejaa mpaka ukingoni. Nimeutia mtambo waraka wa kufungua mlango mara tatu. Kila nikiutia, mlango unazidi kukaza. Chini ya bwawa kuna kaya tisini."

"Taarifa, Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema msemaji wa Uwandani. "Ombi la mama huyu limeandikwa kwa herufi zipi?"

"Sijaliandika. Nalisema."

Hapo pakazuka mjadala kama ombi la mdomo linaweza kupokelewa. Limi alimwangalia yule mwanamke na matope yake. Akasimama. Alikuwa mgeni na hakujua utaratibu, jambo lililomsaidia sana.

"Mimi naenda kuona huo mlango," alisema. "Anayetaka aje."

Walikwenda wanne: Nasûla, Limi, Mzee Shebughe ambaye muhuri wake ulikuwa kwenye waraka, na Mheshimiwa Alama, aliyeuliza kama kuna nafasi.

Bwawa lilikuwa limetuna kama tumbo la mtu aliyekula sikukuu. Maji yalikuwa yameanza kuruka juu ya ukingo, kidogokidogo, yakimeta juani, na kule bondeni watu walikuwa wanapandisha mbuzi na magodoro kilimani. Limi hakupoteza muda kutazama. Aliuomba waraka. Ulisema, kwa mwandiko mzuri wa Nasûla: fungûa mlango wa maji. Juu yake ulikuwa muhuri wa Mzee Shebughe: Uwandani.

"Mtambo huu ukikuta herufi usiyoijua unafanya nini?" Limi aliuliza.

"Unairuka," Nasûla alisema. "Inategemea mtambo. Wa sensa unaandika swali. Wa bwawa unaruka."

Limi aliweka kidole juu ya u yenye kofia, akaifunika. "Basi soma sasa."

Nasûla akasoma. Fung, kisha a. Funga mlango wa maji.

Mzee Shebughe akakaa juu ya jiwe, na kanzu yake yenye makali ikanywea.

"Niliukisia," alisema. "Siku hiyo zilikuwa nyaraka mia na arobaini mezani. Nikaona maneno mafupi, nikasema huu wa Uwandani. Miaka thelathini nakisia, mama. Sijapata kumwambia mtu hata mara moja kwamba sijui."

"Mwambie Nasûla," Limi alisema.

Mzee akageuka kwa yule mwanamke. "Sikujua, binti yangu. Nisamehe."

"Tutazungumza maji yakipungua," Nasûla alimjibu. Lakini alipochukua kalamu kuandika waraka mpya, mkono wake ulisita. Limi alimwelewa. Kuandika neno hilo bila kofia kulikuwa ndiko walikokuwa wakimlazimisha maisha yake yote, yeye na mama yake na bibi yake. Kaya tisini zilikuwa chini, na bado mkono ulisita.

"Hapa unazungumza na chuma," Limi alisema taratibu. "Chuma kiambie kwa maneno kinayoyajua. Kofia ni ya watu. Jina lako chini liandike lote, na nitahakikisha mtambo haulitafuni."

"Vipi?"

Limi akafanya kama alivyozoea kiwandani akitenga maneno ya msemaji na maneno ya mwandishi: akalizungushia jina uzio wa mistari, ili mtambo uone kwamba kilichomo ndani ni cha kubebwa tu, si cha kutiiwa. Nasûla akaandika fungua, kavu kabisa, kisha chini, ndani ya uzio, Nasûla. Wakautia waraka.

Mtambo ulifikiri. Mlango ukalia kama ng'ombe, ukaachia, na maji yakatoka kwa nguvu iliyowarusha wote wanne chali kwenye nyasi. Walilala hapo wakiwa wamelowa, kisha Nasûla akaanza kucheka, na kicheko chake kikawaambukiza wengine, hata Mzee Shebughe, aliyekuwa akicheka na kufuta macho bila kueleweka anafuta nini. Bondeni zilipotea bustani tatu za kabichi na banda moja la kuku ambalo kuku walikuwa wamekwisha kulihama. Watu wote walikuwa hai.

Sera ya herufi ya Tungamo iliandikwa palepale, juu ya goti la Nasûla, wakisubiri nguo zikauke. Walibishana kidogo tu. Daftari moja la herufi zote, kama alivyotaka bibi wa Ziwani, na nyaraka zote za nchi ziandikwe kwa daftari hilo, namna moja, bila kibandiko wala alama ya kimya. Maneno ya amri yabaki katika zile ishirini na sita ambazo kila mtambo unazijua, ili mjanja asipate pa kuficha a yake. Ila majina ya watu, na maelezo ambayo mtu anamwandikia mtu mwenzake pembeni mwa amri, yaandikwe kama wenyewe wanavyoyaandika, kofia, nukta na vialama vyote, ndani ya uzio.

Mzee Shebughe ndiye aliyeongeza la mwisho. "Na mtambo ukikuta kitu usichokijua," alisema, "usiruke. Usikisie. Usimame na useme: Sijaelewa."

Barazani hilo la mwisho ndilo lililoleta kelele. Daftari walilikubali kwa shingo upande. Uwandani walifurahi kwamba amri zimebaki kwao, Milimani walifurahi kwamba majina yamerudi, na Waziri wa Alama ya Kimya alikaa kimya, jambo lililoonekana kumfaa. Lakini Mheshimiwa Kidawalo alisimama amevimba.

"Mtambo wa Serikali useme haujaelewa?" aliuliza. "Mbele ya wananchi? Mamlaka yataonekanaje?"

Kura zikapigwa, zikalingana. Ilibaki moja, ya ukoo wa Alama ya Kuuliza. Mheshimiwa Alama alisimama, akashika ukingo wa meza.

"Sera hii ikipita," aliuliza, "si kila mtu wa Mtaa wa Juu atarudishiwa jina lake?"

"Ndivyo," Limi alisema.

"Na wakisharudishiwa, si ukoo wangu utakuwa umekwisha?"

"Ndivyo."

"Basi nitakuwa mwakilishi wa nani?"

Kijana yule alitazama kiti chake, kiti kizuri cha ngozi. Kisha akainua mkono juu, na sera ikapita.

Karani wa kumbukumbu alitumwa kuleta karatasi za zamani za kliniki, zilizoandikwa kwa mkono kabla ya mtambo wa sensa kuziona. Alizileta mezani zikiwa na vumbi. Nasûla, aliyejua kusoma mwandiko wa wakunga wa Milimani, alizipekua moja moja, akaishika moja yenye tarehe na nyumba aliyozaliwa kijana, akaisogeza dirishani.

"Mûhela," alisema. "Uliitwa Mûhela. Mama yako ndiye aliyekupa, imeandikwa hapa."

Kijana akalirudia jina polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. Halafu, kwa mara ya kwanza Barazani, akasema neno lisilo swali. "Asante," alisema.

Sera ilianza kutumika Jumatatu saa mbili asubuhi. Saa mbili na dakika moja nchi nzima ilisimama. Tanuri la sokoni likasema, "Sijaelewa." Kengele ya shule ikasema, "Sijaelewa." Mizani, visima, taa za njia panda, mtambo wa kufagia uwanja wa Baraza ambao kwa miaka kumi na minne ulikuwa ukifagia takataka kutoka upande mmoja na kuzirudisha upande wa pili, mitambo yote ikakiri kwa sauti moja ya chuma kwamba haijaelewa, na kwamba haijapata kuelewa. Watu walitoka majumbani, wakasimama barabarani kusikiliza. Ilikuwa mara ya kwanza mitambo kusikika bila kukohoa. Wengine waliogopa, lakini wengi walishikwa na furaha wasiyojua sababu yake, wakawa wanakimbia kutoka mtambo mmoja hadi mwingine kuusikia ukisema. Watoto waliusemesha mtambo wa posta mpaka ukachoka.

Iliwachukua wiki mbili kuandika nyaraka upya. Wakisiaji wote waliajiriwa katika kazi hiyo, kwa kuwa hakuna waliojua makosa vizuri kuwashinda wao, na kila jioni Mzee Shebughe aliondoka mezani akipiga mluzi. Mwokaji aliomba ruhusa rasmi ya kubaki na vipini kwenye mikate, akapewa.

Siku ya mwisho ya ugeni wake Limi alialikwa Barazani kuaga. Aliketi nyuma, karibu na Mûhela, aliyekuwa amegombea upya kwa jina lake na kushinda kwa kura chache. Wizara ya Mifereji ilikuwa inasoma taarifa yake ya mwaka, kurasa sitini, na kama ilivyokuwa desturi, wajumbe walikuwa wakitikisa vichwa kwa kukubali kila baada ya aya, na Mwenyekiti akitikisa kuliko wote. Kwenye ukurasa wa kumi na tisa kichwa cha Mheshimiwa Kidawalo kiliacha kutikisika. Akainua mkono kumsimamisha msomaji. Alifungua mdomo, akaufunga, jasho jembamba likamtoka juu ya midomo.

"Sijaelewa," alisema.

Hakuna aliyecheka. Kisha waziri wa mifereji akaziweka chini kurasa zake, akavuta kiti karibu na meza ya Mwenyekiti, akasema, "Kusema kweli, mheshimiwa, hata mimi. Tuanze ukurasa wa kwanza?"